Mitikisiko Ishirini na Nane

Kanzu ya kwanza ya Alhaji Hilali iliharibika Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ya pili iliharibika Jumanne, dakika ileile na mahali palepale, kwa kuwa Alhaji ni mtu wa ratiba. Kila asubuhi humiminiwa kahawa mlangoni kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, huingia nacho kwenye lifti yake mpya, na hukinywa akiwa ameketi ofisini kwake ghorofa ya nne, akitazama mabati ya Tabora kama mfalme anayekagua majeshi. Wiki hiyo aliyekunywa kahawa ni kanzu.

Lifti ilikuwa na siku mbili tangu izinduliwe. Padri alikuja, shehe alikuja, utepe ulikatwa kwa mkasi wa kuazima, na hotuba iliyosomwa siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko jengo lenyewe. Kisha wageni walipokwisha kula na kuondoka, lifti ikaanza tabia yake. Haikuanguka wala haikukwama. Ilitikisika. Ilipanda kama mtu mnene anayekwea ngazi ndani ya ukuta, du, du, du, na kila du ilipita kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikaishia kwenye meno.

Mwenye meno mazima aliweza kuvumilia. Lakini ghorofa ya tatu ilikuwa na kliniki ya mifupa, na mtu aliyevunjika paja kwa pikipiki hana subira na du. Mgonjwa wa kwanza kupandishwa kwa lifti alipiga ukelele uliosikika hadi sokoni. Kuanzia hapo muuguzi Flavia akaamuru wagonjwa wabebwe kwa ngazi, wanaume wanne kwenye machela, wakipumzika kila kona. Jengo la kisasa kuliko yote mtaani likarudi kusafirisha watu kwa mabega, kwenye barabara ileile ambayo misafara ya zamani iliingilia mjini.

Aliyezifunga reli za lifti hiyo aliitwa Mektilda Sayi.

Mektilda alizaliwa Ntalikwa, kwenye familia ya wakulima wanaosali Jumapili na kupalilia siku sita zilizobaki. Alisomea ufundi, kisha akakaa miaka sita Dar na Mwanza akining'inia kwenye mashimo ya lifti za watu wengine. Alhaji alipotangaza kwamba anajenga, alirudi nyumbani kwa sababu moja tu: alitaka, mara moja maishani, kufunga lifti ya mji wake kwa mikono yake tangu shimoni hadi juu. Wiki tatu alishinda na timazi, akizinyoosha reli hadi ule uzi ukakosa la kusema. Kila kiungo cha reli alikilainisha kwa tupa mpaka ukucha upite bila kujikwaa. Kisha akaenda Mwanza kwenye kazi nyingine, kwa kuwa jengo lilikuwa linasubiri umeme mkubwa, na umeme mkubwa ulichukua miezi minne kufika, kwa heshima zake zote. Alirudi siku ya uzinduzi, akakaa kiti cha nyuma, akapiga makofi.

Jumanne, baada ya kanzu ya pili, alipanda ofisini kwa Alhaji.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Unaiona hii?" Alhaji aliinua upindo wa kanzu wenye doa la ukubwa wa kiganja.

"Naiona. Naomba ufunguo wa shimo la lifti. Nipe saa moja tu nitajua tatizo."

"Ufunguo nakaa nao mwenyewe. Usiguse kitu. Kesho anakuja mtaalamu kutoka Dar, wa kampuni iliyoniuzia."

"Alhaji, mimi ndiye niliyeifunga."

"Ndiyo maana."

Mektilda alishuka kwa ngazi akiwa na hayo maneno mawili. Alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Mtaalamu alifika Jumatano na pikapu ya kampuni. Jina lake Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na kona. Kabla hajauliza lifti iko wapi, aliuliza fundi ni kabila gani. Alipoambiwa Mnyamwezi, alipiga kofi moja kubwa la furaha na jengo zima likajua kwamba shughuli imeanza.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani wao ni wa tangu enzi za misafara, wakati babu wa mmoja alipotembea miezi mitatu na mzigo begani, akafika pwani kwa babu wa mwingine, wakatukanana mpaka wakapendana. Sheria zake ni chache. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako na asikirudishe mpaka ukikomboe. Anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza ili waliaji wacheke. Kosa liko moja tu, nalo ni kukasirika.

"Aaa, Mnyamwezi!" Pazi alitangaza ukumbini. "Sasa nimeelewa. Nyie kazi yenu ni kubeba kichwani. Nani aliwadanganya mna haja ya lifti?"

Walinzi walicheka. Wauguzi walicheka. Mama muuza sambusa, ambaye hakuwa na shughuli yoyote na lifti, aliweka beseni chini ili acheke vizuri.

"Na nyie mngepewa lifti ya kuwashusha kitandani," Mektilda alijibu, "mngefika kazini kabla ya adhuhuri."

Wakacheka tena. Mambo yalikwenda kama inavyopasa. Pazi akapanda na kushuka mara moja, akatoka akipepesuka kama mlevi, ameshika kichwa. "Mtani, hizi ni reli au ni nini? Zimepinda kama miguu ya mpagazi!"

Hapo ndipo Mektilda alipoanza kusikia hasira, lakini kwa mtani hasira hairuhusiwi, basi akaimeza. Kufika saa sita mlinzi wa geti alikuwa anawasimulia wapita njia juu ya miguu ya mpagazi. Saa nane mama wa sambusa alikuwa ameongeza magoti. Saa tisa mgonjwa mmoja, akiwa amelala kwenye machela kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, alimnyooshea Mektilda kidole na kumwuliza Flavia, "Ndiye yule aliyepinda reli?" Hakuwa akitania. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua choo kiko wapi.

Saa kumi Alhaji alishuka kuona kazi imefikia wapi. Pazi akasimama katikati ya ukumbi, akatoa sauti ya hakimu.

"Mtani, sema ukweli mbele ya Alhaji. Reli hizi ulizipinda au hukuzipinda?"

Mektilda alikuwa amechoka kuchekwa tangu asubuhi. Alitaka kicheko kimoja kiwe chake. "Nilizipinda makusudi," alisema. "Kwa nyundo ya kilo tano. Nilisikia kuna Mzaramo anakuja, nikasema lazima huyu atapike."

Ukumbi ulianguka. Alhaji alivua miwani akafuta machozi. Flavia alijishikilia kwenye kishikio cha ngazi. Lilikuwa jibu bora la siku nzima, na Mektilda alikwenda nyumbani akiwa mwepesi, karibu na furaha, bila kujua kwamba ameshajinyonga kwa ulimi wake mbele ya mashahidi kumi na wanne.

Alhamisi saa nne aliitwa ofisini. Alhaji alikuwa na karatasi mbili mezani. Pazi alikuwa amekaa pembeni, miguu imekunjwa, anatazama dirishani. Alhaji akasoma kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwenye hotuba.

"'Mtikisiko unatokana na reli zilizopindishwa wakati wa kufungwa. Fundi mfungaji, Bi Mektilda Sayi, amekiri kwa kinywa chake mbele ya mwenye jengo kwamba alizipinda mwenyewe. Inapendekezwa asipewe tena kazi ya lifti. Nakala: ofisi ya leseni za ufundi.'"

Mektilda alisubiri wacheke. Alimtazama Pazi, akamtazama Alhaji, akasubiri tena.

"Alhaji, ule ulikuwa utani."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema kwa nyundo ya kilo tano! Ili Mzaramo atapike! Kuna mtu mwenye akili anaweza..."

"Mtani," Pazi alisema taratibu, bila kugeuka kutoka dirishani, "usikasirike."

Hilo ndilo lililomkata. Wangemwita mwongo, angejibu. Wangemwita mjinga, angeleta timazi. Lakini mtu amemchukulia jina lake, ameliandika kwenye karatasi yenye nembo, na sasa anamkumbusha adabu.

"Nitatia saini kesho baada ya sala ya Ijumaa," alisema Alhaji. "Sina ugomvi na wewe, binti. Lakini mimi nimeharibiwa kanzu mbili."

Lifti za Tabora zinahesabika, na wenye majengo wote wanajuana, wanaoana, na wanapigiana simu kila jioni. Karatasi ile ikitoka mezani, hakuna hata mmoja wao ambaye angemruhusu Mektilda kukaribia shimo, achilia mbali ofisi ya leseni. Miaka sita ya kuning'inia ingekwisha kwa sentensi moja aliyoitamka mwenyewe ili watu wacheke.

Alitoka bila kuaga, jambo ambalo mama yake wa Ntalikwa angemchapa kwalo hata leo. Alishuka ghorofa zote nne, kila ngazi akiipiga kisigino kama inamdai. Alipofika chini alisimama mbele ya mlango wa lifti, akakumbuka jambo moja. Walimkataza kugusa. Hawakumkataza kupanda.

Aliingia, akabonyeza nne, akageuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, akaweka viganja viwili kwenye bati. Akahesabu. Du, moja. Du, mbili. Hazikuja ovyo. Zilikuja kwa hatua zilizo sawa, kama gwaride. Kufika juu zilikuwa ishirini na nane. Akashuka akihesabu: ishirini na nane. Akapanda tena kwa ajili ya ofisi ya leseni, na ya tatu ilikuwa ishirini na nane.

Mektilda akacheka peke yake, kicheko kibaya. Kila kipande cha reli kina urefu wa mita tano. Kutoka chini hadi ghorofa ya nne ni mita kumi na nne. Kama kosa lingekuwa kwenye viungo alivyovifunga, lifti ingejikwaa mara mbili, ikizidi sana tatu. Ishirini na nane kwa mita kumi na nne ni mtikisiko mmoja kila nusu mita. Na ndani ya shimo lile kuna kitu kimoja tu ambacho kikizunguka mara moja kimekwenda nusu mita: rola, yale magurudumu madogo yenye ngozi ya mpira yanayoishika reli pande zote ili chumba cha lifti kisiyumbe. Mtoto wa darasa la nne angejua. Mtaalamu wa Dar mwenye shati la kona alijua zaidi.

Lakini rola zilikuwa mpya kabisa. Nini kimezilemaza?

Alipiga magoti kukagua sakafu, na kwenye kona ya kushoto, palipokutana ukuta na kizingiti, akaona sisimizi. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa kwenye safari rasmi, wanakwenda na kurudi. Mektilda alipitisha kidole kwenye ufa. Kilinata. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna kitabu cha ufundi kinachoshauri: alikilamba.

Asali. Nyeusi, nzito, ya miombo.

Mtunza stoo wa Alhaji aliitwa Mzee Mahona, mtu wa Ipole, ambako mizinga ni mingi kuliko wapiga kura. Yeye ndiye aliyepokea asali yote ambayo Alhaji alinunua kwa wafugaji wa nyuki. Mektilda alimkuta kwenye mlango wa stoo akifunga mifuniko, akamwamkia, kisha akaendelea kwa Kinyamwezi, ili mzee asipate pa kujificha.

"Baba, asali imeingiaje kwenye lifti?"

Mzee Mahona alitazama mfuniko alioushika kana kwamba umeongea.

"Msimu ulikuwa mzuri, mwanangu. Stoo ilijaa. Alhaji akasema kile chumba cha lifti kina ubaridi, kina mlango wa chuma, panya hawaingii, na umeme wenyewe bado. Tukaweka ndoo."

"Ngapi?"

"Ishirini."

"Kubwa?"

"Za lita ishirini."

"Mkazipanga vipi?"

"Ukuta wa kushoto zote. Upande wa kulia kuna vitufe. Alhaji alisema vitufe visichafuke."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka umeme ulipokuja."

Miezi minne. Zaidi ya nusu tani, upande mmoja, imesimama palepale. Rola zikaegemezwa kwenye reli na kubanwa mpaka ngozi yake ikalala, kama tairi la gari lililoegeshwa msimu mzima, na hazikurudi tena kuwa duara. Ndoo zikaondolewa siku moja kabla ya uzinduzi, sakafu ikapigwa deki, na mwenye jengo akakata utepe.

"Utayasema haya mbele ya Alhaji?"

Mzee Mahona aliufunga ule mfuniko, akaufungua, akaufunga tena. "Nina wajukuu watano pale nyumbani, Mektilda."

Alitaka kumkasirikia pia. Alijaribu. Lakini hasira yake ilimpita mzee pembeni, ikapanda ngazi kuelekea ghorofa ya nne, na yeye akaifuata siku iliyofuata.

Ijumaa, sala ilipokwisha, ofisini walikuwa watatu: Alhaji mwenye kanzu safi na kalamu iliyofunguliwa, Pazi, na Flavia, aliyekuja kulalamika kwamba wabebaji wa machela wanataka kugoma. Mektilda aliingia na ovaroli lake la kazi, kisanduku cha vifaa mkononi. Alimpa Alhaji shikamoo kwa ukamilifu wake. Akamwuliza hali ya nyumbani. Akasogea hadi mezani, akazichukua zile karatasi mbili chini ya ncha ya kalamu, akazikunja na kuzitumbukiza ndani ya ovaroli, kifuani.

"Nimeteka," alisema.

Pazi aliruka kutoka kitini. "We! Lete hizo karatasi!"

"Usikasirike, mtani."

"Hizo ni nyaraka za kampuni!"

"Mtani amechukua kitu cha mtani. Au huko Kisarawe mmeacha?"

Flavia ndiye aliyeanza kucheka. Alhaji alijizuia kwa heshima ya ofisi, lakini kicheko kilimponyoka puani. Pazi alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imenyooshwa, uso umevimba, na hakuwa na pa kuuweka. Jana alikuwa ameiweka sheria mbele ya watu. Sasa ilimshika shati.

"Haya," alisema kwa meno. "Nizikomboe kwa nini? Soda?"

"Rola moja. Ya chini, kushoto. Uifungue kwa mkono wako mwenyewe uilete juu ya meza hii. Alhaji, mpe ufunguo."

Pazi alianza kueleza kwamba rola hazihusiki. Alieleza kwa maneno mengi mno. Alhaji, ambaye amefanya biashara miaka arobaini na anajua mtu anaposifia sana gunia lililofungwa, alitoa ufunguo mfukoni.

Ilimchukua Pazi dakika arobaini. Rola aliyoileta ilikuwa ndogo kuliko sahani ya chai. Mektilda aliisimamisha juu ya kioo cha meza na kuisukuma. Ilikwenda, ikafika mahali, du, ikalala kwenye ubapa wake na kukataa kuendelea.

"Isukume wewe mwenyewe, Alhaji."

Alhaji aliisukuma kwa kidole kimoja. Du. Akaisukuma tena. Du. Mektilda akaizungushia utepe wa kupimia: nusu mita kamili. Akaeleza mara moja, bila kupaza sauti, reli ingetikisa mara ngapi na rola mara ngapi. Kisha Pazi akairudisha rola mahali pake, wakashuka na kuingia wote wanne kwenye lifti, na Alhaji akahesabu mwenyewe kwa sauti, kama anavyohesabu magunia yakishuka kwenye lori, na mtu huyo hajawahi kukosea gunia. Alifika ghorofa ya nne na ishirini na nane.

Mlango ulipofunguka walimkuta Mzee Mahona amesimama kwenye korido. Alikuwa amepanda kwa ngazi na alihema.

"Basi ni rola," Pazi alisema haraka. "Inatokea. Nitaandika upya. Ila kuzipata nyingine ni miezi miwili, zinaagizwa nje."

"Zipo kwenye gari lako," alisema Mzee Mahona.

"Nini?"

"Lile boksi. Jumatano nilikushushia mizigo, ukaniambia lile nilirudishe garini upesi. Lilikuwa limechanika kona. Ndani mna magurudumu ya namna hiyo, mapya."

Wote walimgeukia Pazi. Mtu amesafiri kutoka Dar na rola mpya nyuma ya gari. Alijua kabla hajafika. Alijua alipopepesuka ukumbini, alijua alipomwuliza swali la hakimu, alijua alipokuwa anatazama dirishani. Akizibadilisha, kampuni yake itaandika kwamba iliuza rola zilizokufa ndani ya wiki moja. Reli zikiwa mbaya, kampuni ni safi, na anayeoga matope ni Mnyamwezi mmoja wa Ntalikwa.

"Kwa utani ungenitukana mpaka leo jioni, yakaisha," Mektilda alimwambia. "Ungeniita mpagazi, ungeniita punda, ningekuita mvivu, tungekula sambusa. Wewe uliuchukua ukaupiga muhuri. Hakuna babu yako hata mmoja aliyewahi kufanya hivyo. Wale waliwaibia babu zangu mchana kweupe, lakini hawakuwapa risiti!"

Kona za shati la Pazi zilikuwa zimelegea.

"Basi, basi," Alhaji aliingilia kwa furaha ya mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Ukweli umepatikana. Pazi, futa jina la binti. Andika rola ziliharibika kwa bahati mbaya. Tubadilishe, yaishe."

"Alhaji, bahati mbaya ina ndoo ngapi?"

Alhaji aligeuka polepole akamtazama Mzee Mahona. Mzee aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili tumboni.

"Nilizipanga mimi, Alhaji," alisema. "Uliposema zipangwe, nilizipanga. Kushoto zote."

"Kwa hiyo niandikwe mimi?" Alhaji alijigusa kifuani. "Mimi, kwenye karatasi ya lifti, na nakala iende ofisini kwa watu? Mimi?"

"Mimi nimeandikwa tangu jana," alisema Mektilda.

"Wewe ni kijana. Una miaka ya kusahauliwa."

Mektilda aliweka kisanduku cha vifaa sakafuni katikati ya korido, akakikalia. "Sigusi spana mpaka niione hiyo sentensi."

"Pazi atazifunga."

"Pazi, utazifunga?"

Pazi alitazama viatu vyake. "Ni rola kumi na mbili. Lazima awepo mtu wa pili shimoni, anayezijua reli."

Mtu wa pili aliyezijua reli hizo alikuwa amekalia kisanduku. Wakakaa hivyo. Alhaji aliingia ofisini, akatoka, akaingia tena. Kutoka chini ilianza kusikika machela ikipanda: visigino, mihemo, mtu akisema "inua upande wako, inua!", kisha mgonjwa akiwataja watakatifu mmoja mmoja, na alipowamaliza akaanza kumtaja mwenye jengo. Alimtaja kwa jina kamili na jina la baba yake. Kila kona ya ngazi alikuwa na jipya la kusema.

"Huyo ni wa tatu leo," alisema Flavia. "Wawili wa kwanza walikuwa na heshima."

Alhaji alikaa mezani akavuta karatasi. Mektilda hakuinuka mpaka aliposogezewa. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa herufi za mtu anayekamuliwa: rola ziliharibika kwa mzigo wa asali uliowekwa na mwenye jengo miezi minne, reli hazina kosa, fundi mfungaji hana kosa, kampuni ilikuja na rola mpya na haikusema. Alhaji alitia saini. Pazi alitia saini. Nakala: ofisi ileile ya leseni. Hapo ndipo Mektilda alipotoa zile karatasi mbili kifuani, akampa Pazi azichane mwenyewe, na akasimama kumwangalia mpaka kipande cha mwisho.

Walifanya kazi Jumamosi tangu asubuhi, yeye juu ya chumba cha lifti na Pazi shimoni, bila kutaniana hata neno moja, na wanaojua watu hao wawili wanatoka wapi watakwambia kwamba kimya hicho kilikuwa kikali kuliko matusi. Saa tisa Flavia aliingiza mgonjwa wa kwanza, kijana wa Isikizya mwenye paja lililofungwa mbao mbili, macho kayafumba, taya kalikaza, blanketi kalishika kwa ngumi.

Mlango ulijifunga. Ukajifungua.

"Tunaondoka lini?" kijana aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Tumefika," alisema Flavia. "Hii ni ya tatu."

Watu walipiga makofi kwenye korido. Alhaji aliyapokea kwa mkono ulioinuliwa, kama yake. Akamwita Mektilda kwa sauti ya kusikika na wote, "Fundi wangu! Njoo, njoo upande na sisi!" Pazi naye alisogea akifuta grisi vidoleni, akanyoosha mkono.

"Mtani. Yameisha?"

Mektilda aliutazama ule mkono. Uliifanya kazi vizuri leo, hakuweza kukana. Ulikuwa umeandika vizuri Alhamisi pia.

"Utani upo," alisema. "Mambo yenyewe hayajaisha."

Akachukua kisanduku chake na nakala yake ya karatasi. Alhaji alikuwa ameuzuia mlango wa lifti kwa mguu, anamngoja, anatabasamu na watu. Mektilda alimpita, akampa Mzee Mahona mkono, akashuka kwa ngazi, ghorofa zote tatu, bado ana hasira.